Picha ya Kubebwa

Shangazi alinipigia simu nikiwa namvalisha marehemu suti.

Asiyeijua kazi yetu asishtuke. Siku hizi kwetu, kuanzia Mbeya mpaka Iringa, jeneza halitoki nyumbani bila picha kutangulia. Mbele unakwenda msalaba, nyuma yake mjukuu au mpwa aliyekumbatia picha ya marehemu kwenye fremu, kisha jeneza lenyewe, kisha sisi wengine na nyimbo zetu. Tabu ni kwamba watu wengi hufa bila kuwa na picha ya maana. Huyo wa siku hiyo alikuwa kijana mchimbaji wa dhahabu wa Chunya, shimo lilimfukia, na picha pekee waliyokuwa nayo ndugu zake ilikuwa ya simu: kifua wazi, vumbi mpaka kwenye kope, sururu begani. Mama yake alitaka suti. Kwenye kompyuta ninayo suti moja ya kijivu, niliyoichukua zamani kutoka kwa bwana harusi mmoja wa hapa Uyole, Mbeya, aliyejaliwa mabega, na tangu hapo wanaume wengi wa pande hizi wameagwa wakiwa ndani yake. Bwana harusi mwenyewe yu hai, anauza mbolea ng'ambo ya barabara, na hana habari.

"Uko kwenye kazi?" Shangazi akauliza.

"Namalizia kola."

"Basi malizia huku unanisikiliza. Huu mguu umevimba tena, na daktari siku hizi ananiongelesha kwa upole mno. Nimeona ile picha tuimalize."

Niliacha kola. Ile picha, kwetu sisi, haikuhitaji maelezo. Kwa miaka mingi Shangazi alikuwa akisema mbele ya watu, kwenye misiba ya wengine, huku akininyooshea kidole: "Yangu ya kubebwa atanipiga huyu. Msije mkanibeba na ile ya kitambulisho cha kura, nimetoka kama mwizi wa kuku." Watu wanacheka, mimi navimba kichwa. Lakini kila nilipokwenda Iringa na kamera alisema bado, tusimharakishe Mungu. Nami nikangoja. Nilijua siku hiyo ipo, na nilijua ni yangu.

"Nakuja Jumamosi, Shangazi. Nakuja na taa zote."

"Njoo mwanangu, tukuone. Ila usijitese na mataa. Binamu yako anakuja kutoka Marekani, na kwa vile anakuja na kamera yake, atanipiga yeye tu."

Nikasema sawa. Nikarudi kwa marehemu, nikamkalishia kola upande, ikabidi nianze upya.

Binamu yangu ni binti wa kumzaa wa Shangazi huyo. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Baba alipofariki, Shangazi alikuja Uyole, akafunga nguo zangu kwenye khanga, akaenda kunilea kwake Iringa, mtaa wa Kihesa. Nililala kitanda kimoja na binti yake, tukavaa sweta moja kwa zamu. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi kwetu ni watani, wanaruhusiwa kusemana lolote bila kukasirikiana, na sisi ruhusa hiyo tuliitumia mpaka ikachakaa. Wivu wangu wote nimeshamwambia usoni. Yeye anadhani ni utani.

Kazi tulijifunza mahali pamoja. Uhindini kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye studio. Baada ya shule tulimfagilia, tukamshikia taa, tukaiba ujuzi kwa macho. Alipoamua kufunga aende kuishi na watoto wake, alituita akasema tugawane alivyobakiza. Mimi mkubwa, nikachagua kwanza. Nikachagua taa zenye miguu mitatu na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kwa sababu vilikuwa vikubwa na vilijaza mkokoteni. Binamu akabakiziwa kikamera kidogo cha kuning'iniza shingoni. Nilimhurumia. Nilimhurumia kwa sauti, njia nzima mpaka nyumbani.

Jumapili ya Mitende iliyofuata akaenda kupiga picha maandamano ya waumini. Sisi wapiga picha wengine tulisimama mlangoni pa kanisa, tukisubiri watu wafike, wasimame, wajipange. Yeye akatangulia mbele ya matawi, akawa anatembea kinyumenyume, anapiga huku watu wanamjia, mpaka akatumbukia kwenye mtaro. Iringa nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko Iringa.

Kumbe huko duniani hivyo ndivyo inavyofanyika. Mimi nilirudi Uyole na taa zangu nikafungua studio; yeye alipata nafasi ya kusoma Marekani, akabaki hukohuko, na ukafika wakati watu weusi wa nchi ile wakawa wanaingia barabarani, mji baada ya mji, kwa sababu kijana mwingine mweusi ameuawa na wale waliopaswa kumlinda na hakuna anayeulizwa. Binamu yangu akawa mbele yao na kamera, anarudi kinyumenyume. Picha zake zikaanza kutoka kwenye magazeti, kisha kwenye vitabu, kisha kwenye simu za wateja wangu. Mwalimu mmoja alikuja kupiga ya paspoti akaniambia, "Kumbe yule ni ndugu yako! Sasa wewe ulikwamia wapi?" Nilimpiga akiwa amefumba macho nusu, nikamchapia hivyohivyo.

Picha zake nilizitazama zote. Duka likiwa kimya nilizikuza kwenye simu nikitafuta kosa. Hapa mkono umekatwa. Hapa bango halisomeki. Huyu mzee ana kivuli usoni, na mimi mteja wangu akitoka na kivuli usoni anataka arudiwe bure. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi nikangoja siku atakapotia maji. Hakutia. Kila mwaka tembo lake lilizidi kuwa kali, nami nikazidi kulinywa peke yangu nyuma ya kaunta.

Lililoniuma zaidi ni ngozi. Nusu ya kazi yangu ni kupausha watu. Bibi harusi anasema ning'arishe, mwanafunzi anasema nitoe giza, hata ndugu wa marehemu hunisogelea sikioni: mtoe weusi kidogo, utotoni alikuwa mweupe. Natoa. Watu wa Uyole niliowachapa, ukiwatundika ukutani pamoja, utadhani ni wenyeji wa nchi nyingine. Watu wa binamu yangu walikuwa weusi kama walivyozaliwa, weusi unaong'aa kwa jasho na mvua, na walikuwa wazuri kiasi cha kunikera. Mabango yao yalidai mtu aachwe aishi na rangi yake. Nami hapo nimeshika kipanya, namvua rangi yake mtu ambaye tayari yuko mochwari.

Jumamosi nilipakia taa na pazia kwenye basi, ingawa niliambiwa nisijitese. Nilikuwa na mpango. Ningefika, ningemwamkia Shangazi, na kabla binamu hajafungua begi ningekuwa nimeshamkalisha mama wa watu chini ya taa. Kondakta aliniuliza kama nahama. Tuliposimama Nyololo kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, mimi nikabaki nimekumbatia miguu ya taa kama mtu anayelinda mali ya urithi.

Nilimkuta binamu kashafika. Alikuwa uani, kajifunga khanga ya mama yake, anasonga ugali.

"Kamwene, mvalisha maiti suti!" akanipigia kelele.

"Kamwene, mtembea kinyumenyume!" nikamjibu. "Huko hawakukufundisha kumwambia mtu asimame?"

Tukakumbatiana. Alipoiona miguu ya taa aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaja kuipapasa.

"Bado unazo! Unajua nilivyozililia hizi? Nilikununia wiki nzima, hukuona?"

Sikuona. Ningeona, ningeishi vizuri zaidi miaka yote hiyo.

Shangazi alikuwa sebuleni, mguu umewekwa juu ya stuli. Sikumaliza hata shikamoo akaanza kushtaki. "Huyu mwenzako hanipi pumzi. Namenya kitunguu, kacha! Nakohoa, kacha! Nimesinzia kwenye kiti mdomo wazi, kacha! Nimemwambia, mwanangu, kama unataka kunipiga picha si useme nikavae?"

"Kwa hiyo ile ya kubebwa bado?" nikauliza, kana kwamba naulizia habari za mvua.

"Bado. Nilimwambia anipige nimekaa, anasema nisikae, niendelee na shughuli zangu. Sasa nitabebwa nikiwa namenya vitunguu?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini jioni, baada ya chakula, binamu alifungua kompyuta akanionyesha alichokusanya, na kicheko kikanikauka. Shangazi anaosha miguu kwenye karai, nywele wazi, mvi zimesimama. Shangazi anamfokea jogoo. Mikono ya Shangazi juu ya Biblia, na unga bado uko kwenye kucha. Mimi nimemjua mwanamke huyu maisha yangu yote na sijawahi kuiona mikono yake. Nilitaka niwe nimezipiga mimi, nilitaka kompyuta izimike, nilitaka binamu arudi Marekani usiku huohuo.

"Nzuri," nikasema, na neno lilinitoka kama jino.

"Umeona kinachokosekana?"

"Suti."

Hakucheka. "Hakuna hata moja anayonitazama. Kila nikiinua kamera anageuza macho. Huko kwenye maandamano ndiyo kazi yenyewe, mtu asikutazame, aendelee na lake. Lakini huyu ni mama yangu. Nimekaa mbali sana, ananitazama kama mgeni aliyemtembelea."

Nilipaswa kusema kitu cha kufariji. Nilikuwa na raha yangu ndogo. Ili kubadili mazungumzo nikamuuliza kama huko nako anaanguka mitaroni. Akasema hapana, huko wapiga picha hushikana. Unapotembea kinyumenyume mbele ya umati, kuna mwenzako nyuma yako amekushika mkanda, yeye ndiye macho yako ya nyuma. Anakuvuta kushoto, anakuvuta kulia, anakuzuia usikanyage ukingo.

"Na mwenzako huyo ni nani?"

"Yeyote aliye karibu. Mara nyingi simjui hata sura. Namjua mkono tu."

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, usharika wa Shangazi ulikuwa umempa binamu ukumbi atundike picha zake za maandamano. Nilimsaidia kunyoosha fremu. Moja niliipindisha kidogo, kisha nikainyoosha, maana jicho langu la kazi lilikataa. Kubwa kuliko zote aliiweka ukuta wa mbele: mama mmoja mweusi, mtu mzima, yuko mbele ya umati usio na mwisho, kafunga mdomo, kakumbatia kifuani picha ya kijana aliyevaa joho la kuhitimu shule. Mabango yote yalikuwa nyuma yake. Yeye hakuwa na bango.

Kina mama wa usharika wakaingia na vitenge vyao vya sare, wanapiga soga, wanatarajia maghorofa ya Marekani. Wakapita picha ya kwanza, ya pili, wanaonyeshana viatu vya watu. Walipofika kwenye ile kubwa soga ikakatika. Mwenyekiti wao akaweka pochi chini, akakaza khanga kiunoni, akaiambia picha, "Poleni sana, wapendwa." Nyuma yake wengine wakaanza kukaa sakafuni, mmoja mmoja, miguu wameinyoosha, kama tunavyokaa msibani. Wanaume waliokuwa mlangoni wakavua kofia.

Binamu yangu alihangaika. "Mama zangu, inukeni tafadhali, sakafu ina baridi. Huu si msiba, ni maandamano."

"Si msiba, na picha imetangulia?" Shangazi akamuuliza. Alikuwa ameletewa kiti mbele kabisa. "Jeneza liko wapi?"

"Walishamzika, Mama. Wanaandamana kudai haki yake. Waliomuua wako majumbani kwao, wanakula na watoto wao. Walimuua kwa vile alikuwa mweusi tu."

"Kwa vile alikuwa mweusi," Shangazi akarudia, akautazama mkono wake.

Mama mmoja wa pale sakafuni akasema, si kwa sauti kubwa, "Kwa hiyo huyu mwenzetu anambeba mtoto wake kila siku mpaka wamsikie." Na bila kuambizana wakaanzisha wimbo wa kuaga, wa Kihehe, ule wa kwenda polepole tunaouimba jeneza linapotoka mlangoni. Waliuimba wote mpaka mwisho. Kuna mgeni mmoja mwenye tai aliyekuwa amejiandaa kutoa hotuba, akaikunja akaitia mfukoni, naye akaimba.

Binamu alisimama pembeni analia, kamera inaning'inia shingoni, hata hakuigusa. Nami niseme ukweli, nilimwonea wivu hata kilio hicho. Picha zangu mimi zinabebwa kwenye misiba kila wiki, na hakuna aliyewahi kukaa chini kwa ajili ya picha yangu. Watu hukaa kwa ajili ya marehemu. Hakuna anayeuliza suti imetoka wapi.

Wimbo ulipokwisha Shangazi alishika fimbo yake, akainuka, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kioo. Hakuwa anamtazama yule mama. Alikuwa anatazama picha iliyo ndani ya picha, ile ya kijana wa joho.

"Na hii aliyoishika, kapiga nani?"

"Hiyo ndogo? Sijui, Mama. Ya kuhitimu. Ni mpiga picha wa studio tu."

"Studio tu," nikasema mimi. Lilinitoka kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, watu wakageuka.

Shangazi hakugeuka. "Kola imekaa," akasema. "Na hakumpausha. Amemwacha mtoto alivyo, ndiyo maana mama yake anaweza kumbeba." Akamwita binti yake karibu, nami akaniashiria kwa fimbo. "Sasa nimeelewa kazi zenu, maana mlikuwa mnanichanganya. Siku yangu ikifika, wewe utakuwa mbele huko, unarudi kinyumenyume, uwapige wanaonisindikiza. Uangalie mitaro. Lakini ya kubebwa atanipiga huyu, nikiwa nimekaa, nimevaa." Akanigeukia. "Na weusi wangu usiuguse."

Nilifurahi kama mtoto aliyepewa paja la kuku mbele ya wenzake. Nilijitia kumhurumia binamu, nikamshika bega. Yeye akafuta machozi akasema ni sawa, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hilo la mwisho sikulitilia maanani.

Jumatatu asubuhi nilisimamisha taa zangu sebuleni. Nilimkalisha Shangazi kwenye kiti chake, nikaupa mgongo mlango wa jikoni, nikafungua pazia la maporomoko, naye akasema nilikunje, hajawahi kuishi kwenye maporomoko. Alivaa gauni la kitenge cha sare ya kina mama wa usharika na kilemba cheupe, nikamnyoosha kola. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa uso. Mara tu nilipoinua kamera, Shangazi aliyekuwa anafoka na kucheka akaondoka, akabaki yule wa kitambulisho cha kura. Nikamtania. Nikamkumbusha habari za mchungaji mmoja aliyewahi kukimbizwa na bata mzinga. Nikamwambia afikirie harusi yake, akasema harusi yake ilinyeshewa mvua. Nilipiga, nikapiga, na kila nilichopiga kilikuwa mtu anayesubiri sindano. Marehemu wangu wa Uyole wana uhai kuliko ule. Nikawaza, ushindi wangu ndio huu, nimepewa uso nao haupo.

Ndipo binamu akatokea mlangoni pa jikoni, nyuma yangu. Nilimsikia kwa kandambili. Hakuwa na kamera safari hii, alikuwa na mwiko.

"Mama, chumvi umeweka wapi?"

Shangazi aliinua macho. Yalipita juu kidogo ya bega langu, yakaenda mlangoni, yakamkuta mwanawe amesimama na khanga imekaa upande na unga kwenye shavu. Sijui namna ya kuusema utazamaji ule. Ni wa mtu anayemwona aliyerudi salama na anajua ataondoka tena. Uso wote ulifunguka, mpaka mikunjo ikawa na kazi ya kufanya. Nilibonyeza.

"Iko kabatini, palepale ilipokuwa tangu uzaliwe," Shangazi akajibu, na uso ukafungika. Kandambili zikarudi jikoni. Nikapiga nyingine kadhaa za kuzugia, lakini nilijua kazi imekwisha.

Mchana binamu aliniomba azione. Nikampa kamera. Akapitisha zile za sindano harakaharaka, anacheka, akafika kwenye ile moja, akaacha kucheka. Aliitazama muda mrefu. Aliikuza, kama mimi ninavyozikuza zake, lakini hakuwa anatafuta kosa.

"Anavyokutazama," akasema.

Nilikuwa nakunja waya wa taa. Niliendelea kukunja.

"Mimi nimehangaika naye tangu nifike, sijapata hata nusu ya hii. Wewe unamkalisha tu, anakupa yote." Akanirudishia kamera kwa mikono miwili. "Unajua binamu, mimi nakuonea wivu tangu tukiwa watoto. Ulichagua kwanza, ukapata taa. Halafu mimi nikaondoka, ukapata na mama."

Alisema kwa sauti ya utani, ndiyo ruhusa tuliyo nayo, lakini macho yalikuwa yanasema lingine. Maisha yangu yote nimengoja kuyasikia maneno hayo. Nilikuwa nimeyaota yakitoka katika mdomo huohuo. Na jibu lake nilikuwa nalo, fupi tu: hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anakutazama wewe, ulipokuwa unaulizia chumvi.

"Ni taa tu," nikasema. "Taa nzuri zile."

Aliondoka wiki hiyo na picha zake za maandamano, kazitoa kwenye fremu na kuzikunja ndani ya mkebe mrefu. Mimi nilirudi Uyole nikaichapa ile moja, kubwa, sikuigusa rangi hata kidogo, nikaitia fremu ya mninga. Shangazi anaiweka kabatini, ameifunga kwenye khanga. Mguu unapanda na kushuka, yeye anaendelea kumfokea jogoo. Wageni wake akiwaonyesha husema, huyu mama anavyompenda mpiga picha! Wananipigia simu kunipongeza. Nasema asanteni.

Tangu siku ile nimekataa wateja wawili watatu wanaotaka kupaushwa, nao wamekwenda studio nyingine. Wivu haujaisha. Mwezi uliopita binamu alitoa picha nyingine za maandamano, mvua, miavuli, mzee amembeba mjukuu mabegani, na mimi nimezikuza zote.

Ila nimekuwa nawaza siku ile Shangazi aliyotupangia. Binamu ameahidi atakuja, hata iweje. Msalaba utatoka, mjukuu mmoja wa ukoo atafuata amekumbatia fremu yangu, na binamu atakuwa mbele yao anarudi kinyumenyume kutoka Kihesa mpaka makaburini. Atainua kamera. Na safari hii mama yake hatageuza macho. Yatakuwa yanamjia yeye, kama yalivyomjia mlangoni, na mpiga picha akitazamwa hivyo anajua macho yanamtazama nani. Labda nitakuwa nimeshamwambia. Sidhani.

Mimi sitakuwa nyuma na waimbaji. Barabara ile ina mitaro, na mimi ndiye niliyecheka mara ya kwanza. Nitakuwa nyuma yake yeye, nimeshika mkanda wake, namvuta kushoto, namvuta kulia. Uso wake sitauona. Nitajua tu kuwa ameelewa, atakapoacha kutembea.